Maswali Yenu: Uzamili kwa Mtandao, na Nani Atakayeisoma Kazi Yako

Barua za safari hii zimetoka Makete, Mbeya mjini, Mafinga na Iringa. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wanauliza kuhusu masomo ya uzamili yanayofanyika kwa mtandao, na kile ambacho mtu mzima mwenye kazi, familia na mkopo anakiona kuwa na thamani ndani yake. Nimezifupisha kidogo na kuondoa majina.

SWALI: Kamwene, Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Makete, mama wa watoto wawili, na nimeazimia kuanza shahada ya uzamili ya elimu bila kuacha kazi. Nina vyuo viwili mbele yangu. Kimoja kina vipindi mubashara kila siku ya kazi, kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, pamoja na video zilizorekodiwa kwa ustadi mkubwa. Cha pili hakina mbwembwe: kinatoa maandishi, kazi moja kila baada ya wiki mbili, na kikao kimoja tu cha pamoja kwa mwezi. Ada zinakaribiana. Je, wanaosoma tayari kwa njia hii wanathamini nini hasa? Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

JIBU: Kamwene, Mwalimu, na pole na baridi ya huko. Nikueleze msimamo wangu mapema: ningekuwa mimi, ningeelekea chuo cha pili, ila kwa sharti moja nitakalolitaja hapa chini, na sharti hilo lisipotimia, hakuna kati ya vyuo hivyo viwili kinachostahili ada yako.

Tuanze na vipindi vya kila jioni, kwa kuwa ndivyo vinavyovutia macho. Saa moja hadi saa tatu usiku ni muda ambao mama wa watoto wawili anapika, anaogesha, na akibahatika anasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Waulize wanaosoma uzamili kwa nini walichagua mtandao, na jibu la kwanza utakalolisikia ni uhuru wa kupanga muda wao: kusoma alfajiri kabla ya kengele ya shule, au Jumamosi mchana baada ya kutoka sokoni. Chuo kinachokufunga kitini kwa muda wa saa mbili kila jioni kimekunyang'anya kitu kilekile ulichokifuata, kikakuachia nafuu ya nauli tu.

Halafu kuna hesabu ya bando, ambayo watengenezaji wa hizo video nzuri hawaifanyi kwa sababu si wao wanaolipa. Video inayotiririka kwa megabiti moja kwa sekunde inakula takriban megabaiti 450 kwa saa. Saa mbili kwa jioni tano ni saa kumi, yaani gigabaiti nne na nusu kwa wiki, au kama gigabaiti 18 kwa mwezi, kabla hujafungua makala hata moja. Mhadhara uleule ukirekodiwa kwa sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hauzidi megabaiti 29 kwa saa, na unaweza kuusikiliza ukiwa jikoni au ukiwa njiani kwenda shuleni, simu ikiwa mfukoni. Sisemi kwamba video haina kazi. Anayefundishwa kutumia programu ya takwimu lazima aone kinachobonyezwa na mahali kilipo. Lakini uso wa mhadhiri anayesoma slaidi zake mwenyewe tunaweza kuufikiria bila kuulipia.

Sasa niseme sharti lenyewe. Mwaka 1989 Michael Moore, msomi wa elimu ya masafa nchini Marekani, aliyagawa mawasiliano ya mwanafunzi aliye mbali katika aina tatu: kati yake na maudhui ya somo, kati yake na mwalimu, na kati yake na wanafunzi wenzake. Mwaka 2003 Terry Anderson wa Kanada aliongeza hoja ambayo waandaaji wengi wa kozi wangefaidika kuibandika ukutani, kwamba aina moja kati ya hizo tatu ikiwa imara kwelikweli, nyingine mbili zinaweza kuwa hafifu na mtu bado akajifunza kwa kina. Chuo chako cha pili kina vikao vichache na hakina video, na hilo si kosa, mradi tu kuna mtu anayeisoma kazi yako kwa makini, anakuandikia alichokiona, na anafanya hivyo kabla hujasahau ulichoandika. Hilo ndilo sharti langu. Uhuru wa muda ndio unaowavuta watu waingie katika masomo haya, lakini waliofika mwisho, nikizungumza nao, humtaja mtu: mhadhiri aliyekuwa akijibu.

Nilijifunza hili kwa gharama yangu. Nilisoma kwa masafa katika chuo ambacho sitakitaja. Mwezi Machi nilituma sura ya pili ya tasnifu, kurasa 41, nikakaa kusubiri. Ilirudi katikati ya Juni, na juu ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na neno moja: «Boresha.» Nikaboresha. Sikujua ninaboresha nini, kwa hiyo nikaongeza kurasa tisa, nikatuma tena, na safari hii ikarudi na maneno mawili: «Boresha zaidi.» Baadaye nilibadilishiwa msimamizi. Huyu wa pili sikumwona uso kwa uso hadi siku ya kutetea tasnifu, na hakuwahi kunitumia video yoyote, lakini pembeni mwa ukurasa wa 17 aliandika hivi: «Unasema walimu wa Mufindi hawana motisha. Nani kakuambia? Shule zako tatu zote ziko kando ya barabara kuu. Za ndani ulizifikia?» Nilisoma maneno hayo nikiwa ndani ya basi, mahali fulani kati ya Makambako na Mafinga, nikaona aibu, kisha nikaona njia. Sentensi nne zile zilinifundisha mengi zaidi kuhusu sampuli kuliko kozi nzima ya mbinu za utafiti niliyokuwa nimefaulu kwa alama A.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla hujalipa, vipigie simu vyuo vyote viwili na usiulize habari za video. Uliza kazi inarudishwa baada ya siku ngapi, na kama muda huo umeandikwa katika mwongozo wa mwanafunzi au ni ahadi ya mdomo tu. Uliza msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi wa tasnifu kwa wakati mmoja. Omba kuonyeshwa kazi moja iliyosahihishwa, jina la mwanafunzi likiwa limefutwa. Chuo kinachojivunia wahadhiri wake hakitakosa ya kukuonyesha. Kisha omba kuzungumza na mwanafunzi aliyeko mwaka wa mwisho, si yule ambaye picha yake imetumika kwenye tangazo, umuulize ni lini mara ya mwisho alijibiwa barua pepe.

Uliza pia kuhusu maktaba, jambo lisilo na mng'aro ambalo wanaoanza hulisahau na wanaomaliza hulilalamikia. Mwanafunzi wa uzamili bila majarida ya kitaaluma ni sawa na fundi asiye na tofali. Vyuo vyetu vingi vinaweza kupata majarida ya kimataifa kupitia mpango wa Research4Life, lakini jambo la kujua ni kama nywila ya kuyafungulia itafanya kazi ukiwa nyumbani Makete, au ni mpaka uwe ndani ya uzio wa chuo. Mkusanyiko wa majarida ya Afrika uitwao African Journals Online unafikika na kila mtu, na makala zake nyingi ni za bure. Anza kuuzoea sasa, hata kabla ya kudahiliwa.

Na kama unategemea kishikwambi walichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, jaribu kwanza kama mfumo wa chuo unafunguka humo. Kusomea kwenye kishikwambi kunawezekana, lakini kuandika tasnifu nzima kwa kugusa kioo ni adhabu ambayo simwombei mtu. Tafuta kompyuta mpakato, hata iliyotumika.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ni muuguzi katika hospitali mojawapo jijini Mbeya, niko semesta ya pili ya uzamili wa afya ya jamii kwa mtandao. Kila wiki tunatakiwa kuandika mchango mmoja kwenye ukurasa wa mjadala na kujibu wenzetu wawili. Tupo 38. Karibu kila mtu anaandika «Nakubaliana na mwenzangu, ametoa hoja nzuri», na mimi nimo. Nayaandika hayo saa nane usiku nikiwa zamu, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Je, huku ni kujifunza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, huko ni kutia sahihi ya mahudhurio kwa maneno mengi.

Fanya hesabu nami. Watu 38, kila mmoja maandishi matatu, ni maandishi 114 kwa wiki, na hakuna mtu, mhadhiri akiwemo, anayeyasoma yote. Kila mmoja anajua kwamba hasomwi, kwa hiyo anaandika kama mtu asiyesomwa. Wanaopanga mijadala ya namna hii mara nyingi hutegemea jina la wasomi watatu wa Kanada, Garrison, Anderson na Archer, ambao mwaka 2000 walieleza kwamba elimu ya mtandaoni inahitaji uwepo wa aina tatu: uwepo wa kijamii, yaani watu kujisikia kwamba wako na watu, uwepo wa kiutambuzi, yaani fikra kusukumwa kutoka swali hadi ufumbuzi, na uwepo wa ufundishaji, yaani mtu wa kuupanga na kuuongoza mjadala. Tatizo ni kwamba wapangaji wengi wameshika lile la kwanza, wakahesabu maandishi badala ya kuyasoma, na la tatu wakalisahau kabisa.

Wanafunzi wa uzamili hawachukii kujadiliana. Wanachukia kupotezewa muda, na hawa ni watu ambao muda wao umeshahesabiwa na mwajiri, na watoto, na wagonjwa. Katika darasa lako mna jambo ambalo darasa la shahada ya kwanza halina: kila mmoja wenu ameshafanya kazi. Muuguzi wa Kyela anajua maji ya mafuriko yanafanya nini kwenye vyoo vya shimo, na anajua familia ipi itakataa kuchemsha maji na kwa sababu gani. Mwenzake wa Chunya anajua maisha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanaohama kabla dozi haijaisha. Wewe wa hospitali ya mjini unawaona wote wawili wanapokuja wakiwa wamechelewa. Mkikaa watu watano au sita mbele ya kisa kimoja cha kweli, mkaambiwa mpendekeze hatua tatu kwa mganga mkuu wa wilaya na mzitetee, sidhani kama kuna atakayeandika «nakubaliana na mwenzangu».

Basi mwandikieni mhadhiri wenu, si kwa malalamiko, kwa pendekezo: makundi madogo yanayodumu semesta nzima, kisa kimoja kila wiki mbili badala ya swali kila wiki, mmoja wenu kwa zamu akiwa mwandishi wa muhtasari, na mhadhiri ajibu muhtasari huo. Makundi saba yatampa muhtasari saba wa kusoma badala ya maandishi 114. Nina hakika atakubali upesi kuliko unavyodhani, maana naye anachoka.

Kuhusu kundi lenu la WhatsApp, ambalo umelitaja mwishoni mwa barua kwa namna ya kuomba radhi, usione haya. Huko ndiko mnakopeana pole, mnakokumbushana ada, na mnakotumiana picha ya ukurasa wa 203 ambao kwenye nakala ya mmoja wenu umekatika. Ila msiwekee huko mambo ya kudumu, kwani tangazo la saa tatu asubuhi likifika jioni limeshafukiwa chini ya salamu na picha za maua.

SWALI: Ndugu Mwalimu, nipo Mafinga, nafanya kazi katika kampuni ya mbao. Naambiwa shahada ya mtandaoni haiheshimiwi na haitanisaidia kupanda cheo. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, kinachotazamwa ni chuo na programu, si njia uliyosomea. Hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, kwamba chuo kinatambulika na kwamba programu yenyewe imeidhinishwa. Ikiwa chuo ni cha nje, TCU ndiyo pia inayotambua na kulinganisha tuzo zinazotolewa huko. Fanya hivyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, kwa sababu baada ya kulipa utaanza kutafuta sababu za kuamini. Elimu ya masafa si ngeni kwetu: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina vituo mikoani, Iringa na Mbeya ikiwa miongoni mwao. Na Nelson Mandela alihitimu shahada yake ya sheria mwaka 1989 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akiwa bado kifungoni. Sijasikia mtu akiuliza kama shahada ile iliheshimiwa.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha chuo kikuu hapa Iringa, na nina wanafunzi 60 wa uzamili katika kozi moja ya mtandaoni. Tunatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Katika tathmini ya mwisho wa semesta wameandika kwamba «mhadhiri haonekani», nami nimepakia kila kitu: maandishi, slaidi, video 14. Umeme ukikatika nakosa hata nafasi ya kuwajibu. Nifanye nini bila kuomba vifaa vipya?

JIBU: Mwenzangu, umeniandikia kwa unyenyekevu ambao wengi wetu hatuna mbele ya fomu za tathmini, na nitakujibu kama mtu aliyewahi kuandikiwa maneno hayohayo.

Umeonyesha vitu, hukujionyesha mwenyewe. Video 14 zingeweza kurekodiwa na mtu aliyestaafu miaka mitano iliyopita, na mwanafunzi anajua hivyo. Anachotafuta ni dalili kwamba wiki hii, wewe, umefungua kozi na umeona kinachoendelea. Dalili hiyo haina gharama. Kila Jumapili jioni andika aya mbili tu: wiki iliyopita wengi walikwama wapi, na wiki inayoanza kinatakiwa nini. Mimi huandika zangu kwenye simu, nazituma umeme ukiwa umerudi, na katika semesta mbili mfululizo aya hizo ndizo zilizosifiwa kuliko mihadhara niliyoiandaa kwa miezi.

Kuhusu kusahihisha, najua unachokiogopa. Kazi 60 kwa dakika 20 kila moja ni saa 20, na hakuna wiki yenye saa 20 za ziada. Gawanya kazi. Waambie walete kwanza ukurasa mmoja wenye swali la utafiti na njia watakayoitumia, ambao utausoma kwa dakika tano. Jumla ni saa tano. Hapo ndipo maneno yako yana faida, kwa sababu mwanafunzi bado anaweza kugeuka. Kazi kamili ikija, alama na sentensi mbili zinatosha, maana makosa makubwa mlishayazungumza. Pale ambapo kuandika kunakuchosha, rekodi sauti ya dakika tatu: kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki hata megabaiti moja na nusu, na mwanafunzi aliye Ludewa ataipakua bila kulia. Anasikia pia kwamba hukukasirika, jambo ambalo wino mwekundu hauwezi kumwambia.

Taja siku utakayorudisha kazi, kisha uitunze. Semesta moja niliahidi wiki moja nikarudisha baada ya tano, na sikusema neno katikati. Nilidhani wanafunzi wangenilaumu kwa kuchelewa. Mmoja wao, mwanajeshi mstaafu aliyenizidi umri, aliniambia kwa upole: «Mwalimu, tungesubiri hata wiki saba, kama tungejua ni saba.» Tangu siku hiyo naandika siku kumi na nne, na nikishindwa naandika mapema kwamba nimeshindwa.

Kuhusu Moodle yenyewe, usiibadilishe. Mfumo huo, uliobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa kwa toleo lake la kwanza mwaka 2002, hautozi leseni, na una programu ya simu inayomwezesha mwanafunzi kupakua maudhui ya kozi akiwa mahali penye mtandao na kuyasoma akiwa nje ya mtandao. Wengi hawajui. Waonyeshe katika wiki ya kwanza, na uhakikishe faili zako ni ndogo. Slaidi zenye picha zisizobanwa huweza kufika megabaiti 60 bila sababu. Kozi ipangwe kwa wiki, kila wiki ikifanana na mwenzake, ili mtu aliyetoka kazini saa mbili usiku asipoteze dakika ishirini akitafuta mahali kazi ilipofichwa.

Mwisho ni hili la tarehe, ambalo linaonekana dogo. Umeniambia kwamba wanafunzi kumi na mmoja walichelewesha kazi ya kwanza, na tangazo lako lilisema «mwisho ni saa sita usiku, Jumapili». Mwenzangu, huo ni usiku upi? Kwa mfumo wa kompyuta, Jumapili inaanza saa sita usiku wa kuamkia Jumapili. Kwa wengine, usiku wa Jumapili ni ule unaotangulia mchana wake, kama walivyohesabu wazee wa pwani. Kwa wengine ni ule unaofuata. Na kama kozi iliwahi kuandaliwa na wenzetu wa Uingereza na saa za mfumo hazikurekebishwa, basi 23:59 ya huko wakati wa majira yao ya baridi ni saa nane na dakika 59 usiku kwetu. Angalia mpangilio huo leo, kisha tangazo lijalo liandike hivi: «Mwisho ni Jumapili, tarehe 14 Juni, saa 12 jioni, saa za Afrika Mashariki.» Saa 12 jioni hakuna mwenye shaka nayo, na mtandao ukisumbua kuna mtu bado yuko macho wa kupigiwa simu.